Kioo cha taka za nyuklia: jinsi maji ya ardhini yanavyokila

Kioo hakishiki kutu. Ndivyo tunavyoamini wengi wetu, na ndiyo maana mtu akitaka asali au achari yake ikae muda mrefu huiweka kwenye chupa ya kioo, si kwenye kopo la bati. Lakini ukimuuliza mkemia atakuambia kwamba hakuna kioo kisicholiwa na maji. Kinaliwa polepole sana, kiasi kwamba maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuona tofauti kwa macho.

Kwa chupa ya achari jambo hilo halina uzito wowote. Uzito upo pale kioo kinapokuwa ndiyo kufuli ya taka zenye mionzi mikali, taka ambazo baadhi yake zinapaswa kutengwa na binadamu kwa maelfu ya miaka, na nyingine kwa mamia ya maelfu. Nchi kadhaa zimechagua kufuli hiyo. Swali ambalo wanasayansi wamekuwa wakilitafuta jibu kwa zaidi ya miaka 40 ni hili: siku maji ya ardhini yatakapokifikia kioo, nini kitatokea, na kwa kasi gani?

Hanford na urani ya Shinkolobwe

Mahali panapoonyesha vizuri uzito wa swali hilo ni Hanford, katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, kando ya mto Columbia. Hapo ndipo Marekani ilipoanza kutengeneza plutoniamu kwa wingi mwaka 1944, ikiwemo ile ya bomu lililoangushwa Nagasaki Agosti 9, 1945. Wasomaji wetu wa Lubumbashi na Likasi wana sababu yao ya kulijua jina hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi ule wa siri wakati wa vita ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, wakati Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji.

Ili kuipata plutoniamu, urani iliyotoka kwenye kinu iliyeyushwa katika asidi, na mabaki ya kazi hiyo yakamwagwa kwenye matangi ya chuma yaliyofukiwa ardhini. Matangi hayo ni 177. Yana takriban lita milioni 210 za tope, chumvi na maji yenye mionzi. Matangi 149 kati ya hayo yana ukuta mmoja tu wa chuma, na 67 yanahesabiwa kuwa yalivuja au yanadhaniwa kuvuja. Chini yake kuna maji ya ardhini, na maji hayo yanaelekea mtoni. Watu wa Yakama, Umatilla na Nez Perce, ambao mikataba yao ya mwaka 1855 inalinda haki yao ya kuvua samaki katika maeneo yao ya jadi, wamelibeba suala hili kwa miaka mingi.

Uamuzi uliofikiwa ni kuzitoa taka kwenye matangi na kuzigeuza kioo. Ujenzi wa kiwanda ulianza mwaka 2002, na ilichukua hadi Oktoba 2025 kwa taka halisi kuanza kugeuzwa.

Taka haiwekwi ndani ya chupa

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa vibaya. Kioo hiki si chombo cha kutilia taka. Taka yenyewe ndiyo inayokuwa kioo. Huchanganywa na mchanga wa silika, boroni na viambato vingine, kisha mchanganyiko huyeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,150 za Selsiasi. Atomi za seziamu, strontiamu na nyinginezo hujipenyeza katikati ya atomi za silikoni na oksijeni na kushikamana nazo. Ni kama chumvi iliyokandwa ndani ya unga wa chapati: ukishaukanda, huwezi tena kuichambua chumvi.

Wafaransa ndio waliotangulia kuifanya kazi hii kwa kiwango cha kiwanda, huko Marcoule mwaka 1978, kisha wakaihamishia pia La Hague. Waingereza wanaifanya Sellafield, na Wamarekani wameifanya Savannah River tangu 1996. Mtungi mmoja wa La Hague ni wa chuma cha pua, una urefu wa mita 1.3 na kipenyo cha sentimita 43, na ndani yake mna takriban kilo 400 za kioo cheusi.

Kwa nini kioo, na si saruji au kauri? Sababu kubwa ni kwamba kioo hakichagui. Fuwele ina mpangilio maalumu wa atomi na humkataa mgeni asiyeenea kwenye nafasi iliyopo, lakini kioo hakina mpangilio kamili na kinaweza kumeza elementi kadhaa kwa pamoja. Taka za nyuklia zina elementi nyingi mno, kwa hiyo sifa hii ni ya thamani. Sababu ya pili ni ya kiwandani: kioo cha namna hii, kinachoitwa borosilikati, kinayeyuka kwa joto ambalo tanuri linaweza kulihimili miaka kadhaa.

Hatua za maji

Lugha yetu hutumia neno moja, kuyeyuka, kwa siagi inayopata joto na kwa sukari inayopotea ndani ya chai. Kuanzia hapa tunazungumzia maana ya pili tu.

Maji yanapogusa kioo, kinachotoka kwanza ni atomi nyepesi zilizoshikwa kwa ulegevu, hasa sodiamu na lithiamu. Zinabadilishana nafasi na haidrojeni ya maji: haidrojeni inaingia, sodiamu inatoka. Matokeo yake ni kwamba maji yaliyo karibu na kioo yanazidi kuwa na magadi, na magadi hayo ni adui wa silika. Ndipo hatua ya pili inaposhika kasi. Maji yanaanza kukata vifungo kati ya silikoni na oksijeni, ambavyo ndivyo mifupa ya kioo. Kifungo kikikatwa, kipande cha mifupa kinaondoka na maji pamoja na chochote kilichokuwa kimeshikiliwa hapo.

Watafiti hupima yote haya kwa kuifuatilia boroni. Elementi nyingine zikitoka huweza kunaswa tena njiani au kugeuka mashapo, kwa hiyo ukizihesabu kwenye maji unadanganyika. Boroni haijifichi. Ikitoka kwenye kioo inabaki ndani ya maji, na kiasi chake kinaeleza ni unene gani wa kioo umeshaliwa.

Kioo cha aina ya Kifaransa, kikiwekwa kwenye maji safi yanayobadilishwa kila mara kwa joto la nyuzi 90, hupoteza takriban gramu moja kwa kila mita ya mraba kila siku. Tukipiga hesabu kwa kutumia uzito wa kioo hicho, ni kama sehemu 0.13 ya milimita kwa mwaka, zaidi kidogo ya unene wa unywele. Inaonekana ndogo. Lakini kasi hiyo ikiendelea bila kupungua, kipande cha kioo chenye unene wa sentimita 10, kikiliwa pande zote mbili, kitakwisha chini ya miaka 400. Kwa taka ya miaka laki mbili hiyo si kufuli hata kidogo.

Kinachookoa jahazi ni kwamba kasi haiendelei hivyo.

Utando unaojijenga wenyewe

Tia sukari kwenye kikombe cha chai kijiko baada ya kijiko. Inafika mahali sukari haiyeyuki tena, inatua chini, kwa sababu chai imeshiba. Silika nayo ni hivyo hivyo. Maji yaliyotulia kando ya kioo yakishashiba silika, hamu yake ya kukata vifungo vipya inashuka sana.

Wakati huo huo jambo jingine linatokea juu ya kioo. Silikoni, alumini, zirkoniamu na kalsiamu zilizobaki, au zilizotoka zikarudi, zinajipanga upya na kutengeneza utando laini wenye matundu madogo mno, ya kupimwa kwa nanomita. Utando huo hauzuii maji kabisa, ila unayafanya yapite kwa tabu. Baada ya muda kasi inashuka mara maelfu, na katika vipimo vya kioo cha Kifaransa kwa nyuzi 90 imeshuka karibu mara 10,000. Kwa hesabu ile ile tuliyoifanya juu, sasa tunazungumzia takriban nanomita 13 kwa mwaka, yaani milimita 1.3 tu katika miaka 100,000. Tukumbuke pia kwamba chini ardhini joto litakuwa limepungua sana baada ya karne chache, na kioo kwenye maji baridi huliwa polepole zaidi.

Tofauti hii kati ya kasi ya mwanzo na kasi ya baadaye ndiyo kiini cha suala lote. Anayetaka kujua kama kufuli ya kioo itadumu hana budi kuuliza: je, maji yatatulia na kushiba, au yataendelea kupita?

Wanaovuruga shibe

Kuna vitu vinavyoiiba silika kutoka kwenye maji, na kila inapoibwa kioo hulazimika kutoa nyingine. Magnesiamu ni mmoja wa wezi hao. Maji ya ardhini yenye magnesiamu nyingi hutengeneza madini ya mfinyanzi kwa kutumia silika ya kioo. Chuma ni mwizi mwingine, na huyu anatoka ndani ya nyumba, kwa kuwa mtungi unaobeba kioo ni wa chuma. Chuma kikishika kutu, kutu hiyo hunyonya silika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Materials, ukiongozwa na Xiaolei Guo wa Chuo Kikuu cha Ohio State, ulionyesha kwamba chuma cha pua na kioo vikigusana ndani ya maji ya chumvi ya nyuzi 90, kutu ya kimoja inaweza kuchochea kuliwa kwa kingine katika mwanya mwembamba ulio kati yao. Ni jambo ambalo kupima kila kitu peke yake hakungeweza kulibaini.

Hatari inayowakosesha watafiti usingizi zaidi ni zeolaiti. Haya ni madini ya fuwele yanayoweza kuota ghafla maji yanapokuwa na magadi mengi na joto. Yakiota, hula alumini na silika ambazo ndizo zilizojenga ule utando. Utando unaharibika, na kioo kilichokuwa kimetulia kwa muda mrefu kinaanza kuliwa upya kwa kasi. Katika maabara hali hii imeonekana mara nyingi, hasa kwenye vioo vyenye sodiamu nyingi. Ugumu ni kutabiri lini itaanza, kwa sababu kioo kinaweza kukaa kimya miaka kadhaa kabla ya fuwele ya kwanza kuota.

Nyufa nazo zina sehemu yake. Kioo kinapopoa ndani ya mtungi hupasuka, na nyufa huongeza eneo la kuguswa na maji mara nyingi. Bahati ni kwamba ndani ya ufa mwembamba maji hayatembei, yanashiba haraka.

Nini hasa kinatoka

Si kila kitu kilichomo kwenye kioo kinasafiri sawasawa. Plutoniamu, ambayo ndiyo inayotisha watu zaidi, ni mzito wa kusafiri: sehemu kubwa hunaswa kwenye utando, kwenye kutu au kwenye mfinyanzi wa karibu. Seziamu-137 na strontiamu-90 ni kali sana lakini kila baada ya miaka 30 hivi zinapungua nusu, kwa hiyo baada ya karne kadhaa zinakuwa zimebaki kidogo mno.

Wasumbufu ni teknitiamu-99 na aidini-129. Ya kwanza huchukua miaka 211,000 kupungua nusu, ya pili karibu miaka milioni 16. Zote mbili huenda na maji bila kushikwa na udongo, na aidini mwili wa binadamu huipokea kwenye tezi ya shingo kama inavyoipokea ile ya chumvi ya madini joto. Hizi ndizo zinazoamua matokeo ya hesabu za usalama za Hanford, kuliko plutoniamu.

Bure si Hanford

Ufaransa inakusudia kuzika mitungi yake karibu na kijiji cha Bure, mashariki mwa nchi, kwenye tabaka la mfinyanzi lililo mita 500 hivi chini ya ardhi. Mfinyanzi huo una umri wa karibu miaka milioni 160, na maji yaliyomo ndani yake karibu hayatembei. Taasisi ya Andra iliwasilisha ombi la kibali cha ujenzi Januari 2023. Mpango ni kwamba ganda nene la chuma litazuia maji kwa karne kadhaa hadi joto lishuke, kisha maji yakiingia yatatulia, yatashiba, na utando utajengeka. Upinzani upo, na haujaisha, lakini kikemia mazingira haya yanakipendelea kioo.

Hanford ni hadithi nyingine. Kwanza taka hutenganishwa makundi mawili. Sehemu yenye mionzi mikali zaidi, ambayo kwa ujazo ni ndogo, imepangwa kuwa kioo cha kwenda kwenye kaburi la kina kirefu. Kaburi hilo Marekani haina, na mitungi ya Savannah River, ambayo imeshapita 4,000, inasubiri palepale ilipotengenezwa. Sehemu iliyobaki, iliyo kubwa kwa ujazo na yenye sodiamu nyingi, inamiminwa kwenye makasha ya chuma cha pua yenye urefu wa zaidi ya mita mbili na kufukiwa hapo hapo Hanford, katika shimo la wazi litakalofunikwa, juu sana ya kiwango cha maji ya ardhini.

Kwa hiyo kioo hiki hakitalala ndani ya maji. Kitalala kwenye mchanga na kokoto zenye unyevu, na kitakachokigusa ni maji machache ya mvua na theluji yanayopenya kwenda chini. Eneo hilo ni kavu, hupata milimita 170 hivi za mvua kwa mwaka. Uchache wa maji ni faida. Ila maji machache yanayogusa kioo chenye sodiamu nyingi hugeuka magadi makali upesi, na magadi makali ndiyo shamba la zeolaiti. Kwa maoni yetu hili ndilo swali gumu kuliko yote ya Hanford, na ni gumu zaidi ya lile la Bure, ingawa taka za Bure ni kali zaidi.

Ushahidi wa vioo vya kale

Hakuna maabara inayoweza kusubiri miaka laki moja. Wafaransa waliwahi kuacha kioo chao ndani ya maji ya mwamba wa matale kwa nyuzi 90 kwa zaidi ya miaka 25, na hilo linahesabiwa kuwa jaribio refu. Huko Ballidon, Uingereza, vipande vya vioo vilifukiwa ardhini mwaka 1970 kwa mpango wa kuvichunguza kidogo kidogo hadi miaka 500 ipite.

Njia nyingine ni kutazama nyuma. Karibu na visiwa vya Embiez, pwani ya kusini mwa Ufaransa, wapiga mbizi walitoa mabonge ya kioo kutoka kwenye meli ya Kirumi iliyozama miaka 1,800 iliyopita. Mabonge hayo yalikuwa yamepasuka, kama kioo cha taka kinavyopasuka. Aurélie Verney-Carron na wenzake waliyakata na kupima. Upande wa nje, ambako maji ya bahari yalikuwa yakipita, ulikuwa umeliwa sana. Ndani ya nyufa nyembamba, kuliwa kulikuwa kudogo zaidi. Hesabu zilizotengenezwa kwa majaribio ya muda mfupi ziliweza kuuelezea unene uliopimwa, jambo lililowapa watafiti moyo.

Afrika Mashariki nayo ina vioo vyake vya kale. Kwenye Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Eburru, kuna obsidiani, kioo cheusi kilichotengenezwa na volkano. Zana za obsidiani zimechimbuliwa Olorgesailie, Kenya, katika matabaka yenye umri wa karibu miaka 300,000. Maji huingia kwenye obsidiani taratibu sana, kiasi kwamba wanaakiolojia hupima unene wa tabaka lililoloa ili kukisia umri wa zana. Inashawishi kusema kwamba kama kioo cha Olorgesailie kimedumu, cha Hanford nacho kitadumu. Tusikimbilie huko. Obsidiani ina silika zaidi ya asilimia 70, wakati kioo cha taka kina karibu asilimia 45 na kimejaa boroni na sodiamu. Kioo cha volkano kinachokaribiana nacho zaidi kwa silika ni kile cha basalti, nacho huliwa haraka kuliko obsidiani.

Wanasayansi bado hawajakubaliana hata namna utando unavyozaliwa. Wapo wanaosema ni mabaki ya kioo chenyewe yaliyojipanga upya pale pale, na wapo wanaosema kioo huyeyuka kabisa na silika huganda upya hatua moja nyuma. Kundi hili la pili lilipata nguvu mwaka 2015, pale picha za kiwango cha nanomita zilipoonyesha mpaka mkali sana kati ya kioo kizima na utando. Ugomvi huu unaweza kuonekana wa maabara tu. Lakini kila upande una njia yake ya kukadiria kasi ya miaka elfu kumi ijayo, na makadirio hayo ndiyo yanayoingia kwenye vibali.

Huko Hanford, wakati tanuri likiwa limeshaanza kazi, mamlaka za shirikisho na za jimbo zimekubaliana kwamba sehemu ya taka za matangi 22 yaliyo upande wa magharibi isigeuzwe kioo. Itachanganywa na saruji na kupelekwa kuzikwa nje ya jimbo la Washington.